Kupasuliwa koo kwa umeme: kwa mtoto wa Mpala, hesabu kubwa ni siku kumi

Mtoto anakoroma usiku kucha, anashtuka akitafuta pumzi, na kila mwezi koo linavimba na homa inapanda. Muuguzi wa kituo cha afya anamulika mdomoni, anaona mafindofindo, yale ambayo wengi huku wanayaita kwa Kifaransa amigdali, yamekuwa makubwa hadi yanakaribia kugusana. Anaandika karatasi ya kumtuma mtoto kwenye hospitali kubwa ya Kalemie. Hapo ndipo wazazi wa Mpala wanaanza kusikia juu ya bisturi ya umeme, ile mashini inayokata nyama na kukausha damu kwa wakati mmoja, na swali linakuwa moja: je, kupasuliwa kwa umeme ni salama kuliko kupasuliwa kwa kisu?

Jibu la wanganga wa masikio, pua na koo si lile ambalo wengi wanatarajia. Umeme unasaidia sana kukomesha damu mezani, lakini unaweza kuongeza hatari ya damu kurudi siku kadhaa baadaye. Kwa mtoto anayekaa karibu na hospitali, hilo ni jambo la kurudishwa haraka na kutibiwa. Kwa mtoto wa Mpala, kijiji kilicho kwenye mdomo wa mto Lufuku, karibu kilomita 100 kusini mwa Kalemie hata ukipima kwa mstari ulionyooka, ni jambo la kufa au kupona.

Damu ya mtoto haijazi chupa

Mtoto mdogo ana damu kati ya mililita 70 na 80 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 15 ana kama lita moja na kidogo mwilini mwote. Haijazi ile chupa ya maji ya lita moja na nusu inayouzwa sokoni. Akipoteza glasi moja tu, mililita 200 hivi, tayari yuko hatarini. Na huku kwetu wengi wanafika mezani wakiwa damu yao imeshapunguzwa na malaria na minyoo. Ndiyo maana munganga mwenye uzoefu hapasui koo la mtoto kabla ya kupima damu yake na kujua aina yake, hata kama mzazi anaona anacheleweshwa bure.

Koo lina ubaya mwingine. Jeraha la mguu unalifunga kitambaa, unalibana, unaona kama damu imesimama. Jeraha la nyuma ya ulimi halifungiki. Damu inateremka tumboni kimyakimya, mtoto anaimeza akiwa usingizini, na mama anaona shuka safi asubuhi. Damu inayokosea njia ikaingia mapafuni inaweza kumziba pumzi.

Kwa hiyo tangu zamani watu wanaopasua koo na pua wamekuwa wakitafuta namna ya kufunga mishipa upesi. Chuma cha moto kilitumika kwa karne nyingi. Mwaka 1854 Albrecht Theodor Middeldorpf, mpasuaji wa mji wa Breslau, alitoa kitabu juu ya kutumia waya unaopashwa moto kwa umeme wa bateri. Wakati huo hakuna mji duniani uliokuwa na taa za umeme mitaani, lakini waya wa kuchoma ulikwisha kuingia katika pua na makoo ya wagonjwa wa Ulaya. Ulipendwa na wanganga wa koo kwa sababu moja nyepesi: unaingizwa ukiwa baridi, hadi mahali ambapo jicho linaona kidogo na vidole havifiki, kisha ndipo unawashwa.

Umeme unaopita mwilini bila kutupa

Bisturi ya umeme ya leo ni kitu kingine kabisa, ingawa watu wanavichanganya. Katika waya wa Middeldorpf, umeme unabaki ndani ya waya. Joto tu ndilo linamgusa mgonjwa. Katika bisturi ya leo, umeme wenyewe unapita katika nyama, na nyama ndiyo inayochemka.

Mtu aliyewahi kushikwa na umeme wa ukutani atauliza inawezekanaje mgonjwa asirushwe. Umeme wa nyumbani unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na mwendo huo ndio unaokaza misuli na kusimamisha moyo. Mwaka 1891 Mfaransa Arsène d'Arsonval alionyesha kwamba umeme ukibadilishwa mwelekeo haraka sana, misuli haishtuki tena. Kinachobaki ni joto. Mashini za kupasulia zinafanya kazi kwa mamia ya maelfu ya mabadiliko kwa sekunde, na nyingine kwa mamilioni. Mishipa ya fahamu haina wakati wa kuitika.

Aliyeileta mashini hiyo mbele ya dunia ni William Bovie, mtaalamu wa fizikia wa Marekani. Tarehe 1 mwezi wa kumi 1926, katika hospitali ya Peter Bent Brigham mjini Boston, mpasuaji wa ubongo Harvey Cushing aliitumia kutoa uvimbe ambao alikuwa ameuacha siku chache kabla kwa sababu ya damu nyingi. Hadi leo wapasuaji wengi wanaozungumza Kiingereza wanaiita mashini hiyo kwa jina la Bovie tu, mtu ambaye hakutajirika nayo.

Kuna aina mbili, na mzazi ana haki ya kujua tofauti. Ya kwanza ni monopolari. Munganga anashika kalamu yenye ncha. Umeme unatoka kwenye ncha, unapita mwilini, unarudi kwenye mashini kupitia plake iliyobandikwa pajani au mgongoni. Ncha ni ndogo, kwa hiyo joto linakusanyika hapo. Plake ni pana, kwa hiyo joto linatawanyika. Plake ikishikilia vibaya, ikiwa imekauka kwa kutumiwa tena na tena, au ikigusa sehemu ndogo tu ya ngozi, inageuka kuwa ncha ya pili: mgonjwa anaamka koo limepona na paja limeungua. Ndiyo sababu wauguzi wanasisitiza kuvua bangili, cheni, pini na hirizi zenye chuma. Wazazi wengine wanakasirika wakiambiwa kuondoa uzi wa mtoto. Si dharau kwa mila ya mtu, umeme unatafuta njia ya mkato.

Ya pili ni bipolari, kibano chenye meno mawili. Umeme unatoka jino moja na kurudi kwa jino la pili, unapita tu katika kipande cha nyama kilichobanwa katikati. Haihitaji plake. Kwa koo na pua ya mtoto ndiyo inayopendwa zaidi, kwa kuwa joto haliendi mbali.

Hatari ambayo wapasuaji wa koo wanaiogopa kuliko zote ni moto wenyewe. Mgonjwa aliyelazwa anapumua oksijeni kupitia mpira uliowekwa kooni, sentimita chache tu kutoka mahali munganga anapochoma. Oksijeni, mpira na cheche vikikutana, moto unawaka ndani ya njia ya pumzi. Unazuilika: anayelaza mgonjwa anapunguza oksijeni chini ya asilimia 30 pale mgonjwa anapoweza kuvumilia, na mpasuaji anamwambia kabla ya kuwasha. Ni mazungumzo ya sekunde mbili kati ya watu wawili, na hayagharimu hata franga moja.

Uchunguzi wa Uingereza uliowashangaza wengi

Kati ya 2003 na 2004, wanganga wa Uingereza walifuatilia karibu wagonjwa 34,000 waliotolewa mafindofindo katika England na Ireland ya Kaskazini. Walitaka kujua nani anatokwa damu baada ya upasuaji, na kwa njia gani alipasuliwa. Kwa jumla, kati ya wagonjwa 100, watatu hadi wanne walitokwa damu.

Lakini walipotenganisha njia, picha ilibadilika. Wale waliokatwa kwa umeme na kukaushwa kwa umeme walikuwa na hatari karibu mara tatu kuliko wale waliopasuliwa kwa vyuma baridi, mishipa yao ikafungwa kwa uzi na kubanwa kwa pamba, bila umeme hata kidogo. Wale waliokatwa kwa chuma baridi kisha mishipa michache ikachomwa kwa bipolari walikuwa katikati: hatari yao ilizidi kwa mara moja na nusu.

Sababu inaeleweka. Joto linaua nyama zaidi ya ile munganga anayoona. Linaacha kigaga kinene, cheupe kama cha uji uliokauka. Kati ya siku ya tano na ya kumi kigaga hicho kinabanduka, na chini yake kama mshipa haujafunga, damu inafunguka upya. Mezani upasuaji ulionekana safi, wa haraka, karibu hauna damu. Deni linadaiwa wiki inayofuata.

Si kusema umeme utupwe. Upasuaji wa haraka unapunguza damu inayopotea siku ile ile na unafupisha usingizi wa dawa, na hayo yana maana kubwa kwa mtoto mwenye damu kidogo. Munganga anayejua kazi yake anatumia nguvu ndogo, wati 10 hadi 20 tu, anagusa mshipa unaotoka damu na kuacha mingine. Ila uchunguzi ule uliwaondolea aibu wapasuaji wa hospitali zisizo na mashini nzuri. Kwa koo, uzi na mkono uliozoea si njia ya maskini. Ndiyo iliyoshinda katika hesabu ile, mbele ya mashini za bei kubwa.

Umeme unaohitajika kweli

Kalemie inapata umeme kutoka Bendera, upande wa kaskazini, ambako mto Kyimbi unazungusha mitambo miwili yenye uwezo wa megawati kama 17 kwa jumla, iliyojengwa wakati wa Wabelgiji. Laini ndefu inapita milima na misitu hadi mjini, na kila mkaaji wa Kalemie anajua maana ya laini ndefu. Haishuki kusini hadi Mpala. Huko taa ni za sola, na jenereta inawaka pale mafuta yapo.

Watu wakisikia upasuaji wa umeme wanafikiri mashini ile ndiyo inayokula umeme wote. Sivyo. Bipolari inayochoma kwa wati 20 kwa sekunde chache ni mtoto mbele ya mashini ya kutengeneza oksijeni, ambayo inakula wati 300 na zaidi bila kupumzika, na mashini ya kufyonza damu, na taa ya kichwani, na ile sufuria kubwa ya mvuke inayosafisha vyombo, ambayo peke yake inaweza kupita wati 2,000. Umeme ukikatika katikati ya upasuaji wa koo, bisturi iliyozimika inabadilishwa na uzi na pamba. Mashini ya kufyonza iliyozimika haina mbadala mwepesi kama hiyo, isipokuwa pampu ya mguu iwe imewekwa tayari chini ya meza. Anayetaka kusaidia hospitali ya jimbo hili kwa feza zake angeuliza kwanza juu ya kufyonza na oksijeni, halafu bisturi.

Na angeuliza nani ataitengeneza. Uchunguzi uliotolewa 2011 ulihesabu zaidi ya mashini 112,000 za hospitali katika nchi zenye uwezo mdogo. Karibu 40 kwa kila 100 zilikuwa hazifanyi kazi. Nyingine zinafika kama zawadi zikiwa za umeme wa volti 110 wa Amerika, zinachomekwa kwenye 220, na kazi yao inaishia siku hiyo hiyo.

Kilimi, na wembe wa kijijini

Upande wa pili wa ziwa, karibu uso kwa uso na Mpala, kuna Karema. Vituo hivi viwili viliachwa mikononi mwa Mapadri Weupe mwaka 1885. Cha Mpala kilikuwa kimejengwa na Mbelgiji Émile Storms miaka miwili kabla. Karema ndipo alipofika mwaka 1889 Adrien Atiman, mtoto wa Afrika ya magharibi aliyeuzwa utumwani, akakombolewa na mapadri na kusomeshwa uganga kisiwani Malta. Alitibu watu wa pwani ile hadi alipokufa 1956. Aliishi miaka 30 baada ya siku ya Bovie kule Boston, na wagonjwa wake walitegemea mikono yake.

Wakati wote huo, na hadi leo, kuna watu wengine waliopasua makoo katika eneo la maziwa: wale wanaokata kilimi, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya mdomo. Desturi hii inajulikana sehemu nyingi za Afrika. Wanganga wa Tanzania waliieleza katika gazeti la kitaalamu mwaka 1984. Mtoto anakohoa sana, au anatapika, au hanyonyi, na mzee anasema kilimi ni kirefu. Kinakatwa kwa wembe au kwa chuma kilichopindwa.

Kukata kilimi hakuponyi kikohozi. Mara nyingi kikohozi ni cha mapafu, au ni malaria, au ni uchungu wa koo wa kawaida unaopona kwa siku chache. Lakini jeraha linaweza kutoka damu bila kukoma, kuoza, au kuingiza pepopunda na magonjwa ya damu kwa wembe mmoja uliopita kwa watoto kadhaa. Katika hospitali, mshipa kama huo ungeguswa kwa kibano cha bipolari na damu ingesimama kwa sekunde. Kijijini hakuna kibano. Mtoto anayetokwa damu baada ya kukatwa kilimi ni mgonjwa wa dharura kama mwingine yeyote, na mzazi anayeficha kilichofanyika kwa kuogopa kugombezwa anampotezea munganga dakika za kwanza.

Damu ya pua ni habari tofauti, na hapo Mpala haihitaji kungoja mtu. Damu nyingi ya pua ya watoto inatoka mbele, kwenye ukuta unaogawa pua. Mtoto akae, ainamishe kichwa mbele, si nyuma, na sehemu laini ya pua ibanwe kwa vidole kwa dakika 10 mfululizo bila kufungua kuchungulia. Ikirudi mara kwa mara, mshipa unaweza kuchomwa kwa kijiti chenye dawa ya madini ya fedha, ambacho hakitumii umeme wowote. Pande zote mbili za ukuta ule hazichomwi siku moja, kwa dawa au kwa umeme, kwa sababu ukuta unaweza kutoboka.

Nani apasuliwe, na akae wapi

Si kila koo linalouma linahitaji kupasuliwa. Kipimo kinachofuatwa na wanganga wengi ni uchungu mkali wa koo mara saba kwa mwaka mmoja, au mara tano kila mwaka kwa miaka miwili, au mara tatu kila mwaka kwa miaka mitatu. Mtoto anayesimama kupumua usingizini anapewa nafasi ya mbele. Wengine wanatosheka na penisilini inayomalizwa yote, ambayo pia inalinda moyo dhidi ya ugonjwa unaofuata koo lisilotibiwa vizuri.

Kwa mtoto wa Mpala anayepasuliwa, kwa kisu au kwa umeme, gharama ya kweli inaanza baada ya meza. Hospitali inaweza kumtoa siku ya pili. Familia inaona feza inaisha, inatafuta boti, inarudi nyumbani siku ya nne. Siku ya saba kigaga kinabanduka, na kati ya mtoto na mtu anayeweza kufunga mshipa kuna maji, usiku na, katika miezi ya kiangazi, pepo kali za kusini zinazozuia boti kwa siku nzima. Kukaa kwa ndugu mjini Kalemie hadi siku ya kumi ipite kunahitaji chakula na mahali pa kulala. Panapaswa kupangwa kabla ya kupanda boti ya kwenda, pamoja na feza ya upasuaji.

Siku hizo mtoto anywe na kula hata kama analia, kwa kuwa kumeza kunasafisha koo. Weupe unaoonekana kooni si usaha. Aspirini isiguswe, inafanya damu iwe nyepesi. Kodeini na tramadoli, ambayo inauzwa kama karanga, zisipewe mtoto aliyetolewa mafindofindo: wasimamizi wa dawa wa Marekani walizikataza kwa watoto hao, kodeini mwaka 2013 na tramadoli 2017, kwa sababu zimesimamisha pumzi za baadhi yao. Parasetamoli kwa kipimo cha uzito ndiyo ya kuanzia.

Usiku, mama aangalie shingo. Mtoto anayemeza mate tena na tena akiwa amelala huenda anameza damu. Akaamshwe, akalishwe hewa karibu na taa, ateme, na iangaliwe rangi. Akitema damu mbichi, hata kijiko kimoja kilichosimama chenyewe, aketi ameinama mbele, asipewe chakula, na apelekwe hospitalini saa ile ile, kwa sababu damu kidogo mara nyingi inatangulia damu nyingi kwa saa chache. Na kama familia tayari iko Mpala, simu ipigwe Kalemie kabla boti haijaondoka, ili chumba cha upasuaji kiwe kimefunguliwa na damu ya aina yake imetafutwa wakati mtoto bado yuko majini.